Kaveke Asikimbie Tena

Siku ya kwanza Kaveke kupewa bunduki, aliishika kama mwanamume aliyekabidhiwa mtoto wa wenyewe aliyejikojolea: mikono mbele, tumbo nyuma, uso pembeni. Nilikuwa nimekaa karibu na jiko langu, ukingoni mwa uwanja wa shule, nikacheka mpaka nikamwaga sukari. Siombi radhi. Uwanja mzima ulicheka, na yule polisi aliyeletwa kuwafundisha alitushinda sote kwa kucheka.

Mimi naitwa Mbithe. Nauza chai na mandazi kijijini kwetu, kusini mwa Mutomo, kule ambako lami ni habari ya redioni na vichaka vinaendelea mpaka Tsavo. Watu husema nina ulimi. Ulimi ninao, na macho ninayo pia, na mengi ya haya niliyaona mwenyewe. Mengine aliniambia Wayua, rafiki yangu, siku aliyokufa, na mtu wa siku hiyo hana sababu ya kupamba maneno.

Kaveke hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Alichonga mizinga ya nyuki, hakunywa pombe, hakuwahi kumwinulia mkewe mkono. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba alikuwa mkimbiaji. Ujanani aliajiriwa Mtito Andei kulinda uwanja wa kuegesha malori, akapewa rungu na koti. Wezi wa dizeli walipokuja, Kaveke aliruka ukuta. Asubuhi walimkuta nyuma ya gesti moja, rungu bado lipo mkononi, safi kama lilivyotoka dukani. Akarudi nyumbani, akamwoa Nthenya binti ya Wayua, na kila tulipomtania kuhusu rungu lake alitabasamu akasema, "Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake."

Wayua alipopelekewa methali hiyo aliijibu papo hapo. "Huyo kunguru alikuwa bachela," alisema.

Nasema alipelekewa, kwa sababu hakuweza kuisikia kwa Kaveke mwenyewe. Kwetu kuna nthoni. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaitani majina. Wakikutana njiani, mama huingia kichakani, akachutama, akajifunika leso na kugeuza mgongo, na mkwe naye hupinda pembeni akipita kama mtu asiyeona kitu. Vijana wa siku hizi wanasema ni ushamba. Mchungaji wetu naye alijaribu kutuhubiria kwamba katika Kristo hakuna mkwe wala mama mkwe, akatuambia tusalimiane kwa mikono. Jumapili hiyo Wayua aliangalia mabati ya kanisa mpaka salamu zikaisha, na Kaveke alitoka nje kukohoa. Miaka yote ya ndoa ile hawakuwahi kusemeshana neno hata moja.

Basi ikaja ile siku ya mbuzi. Majambazi wenye bunduki walipanda na mto, ambao kwetu ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, wakapita nyumba kwa nyumba mchana kweupe wakikusanya mifugo. Kwa Kaveke walimkuta akirekebisha ua wa miiba. Nthenya alikuwa ndani na watoto. Kaveke aliwaona, akaangusha panga, akaingia porini. Alikimbia vizuri sana, waliomwona wanasema. Jambazi mmoja aliingia jikoni akamwomba Nthenya maji. Nthenya akampa. Yule mtu akanywa, akarudisha kikombe, akasema asante, akaondoka na mbuzi wote.

Kesho yake Wayua alikuja kwangu akaketi kwenye benchi, mgongo ukiwa ukutani. Alijua, na mimi nilijua, kwamba Kaveke alikuwa amekaa upande wa pili wa ukuta huo na chai yake. Ukuta wenyewe ni wa mbao, unapitisha hata pumzi.

"Mbithe," akasema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe, "mwizi amesema asante. Unaskia? Mwizi ako na adabu."

"Naskia," nikasema.

"Mwambie baba ya watoto wa Nthenya hivi. Mimi sikupea mtu msichana wangu ndio amwache kwa nyumba na watu wa bunduki. Akikimbia tena, hata mara moja tu, Nthenya anarudi kwangu na watoto, na mbuzi ya kuvunja hii ndoa nitaipeleka mimi mwenyewe. Kamba nitashika na mkono yangu. Umemwambia?"

"Nimemwambia," nikasema, nikimwongezea chai.

Nilipokwenda upande wa pili kuchukua kikombe cha Kaveke, nilikuta ameondoka na chai ameiacha nusu.

Sasa muelewe jambo hili. Kaveke alimpenda Nthenya kupita kiasi, mpaka wanawake tulikuwa tunamcheka. Alikuwa akimchotea maji akidhani hatumwoni. Kwa hiyo naibu wa chifu alipoitisha baraza na kutangaza kwamba serikali itafundisha wanaume wachache wawe polisi wa akiba, wale tunaowaita homgadi, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wake. Kisha mtu mmoja nyuma akauliza kama hao majambazi watapewa muda wa kumkimbiza, na tukacheka wote, na Kaveke hakuushusha mkono.

Mwalimu wao aliitwa Gikonyo, koplo kutoka Murang'a, mfupi, mwenye shingo nene na chuki ya jua letu. Bunduki alizokuja nazo zilikuwa za zamani, za mbao, nzito. Siku za mwanzo hawakupewa risasi. Walifundishwa kubeba, kulala chini, kuamka, kuweka kidole nje ya kifyatulio mpaka waambiwe. Kaveke alisahau kidole, Gikonyo akakipiga na kijiti. Alisahau tena, akapigwa tena. Ilipofika jioni kidole kilikuwa kimevimba hata hakiwezi kuingia mahali pake, na Gikonyo akasema hiyo nayo ni njia ya kujifunza.

Walipopewa risasi, shabaha ilikuwa mtungi mkuukuu wa plastiki juu ya kichuguu. Mbuvi, jirani yake Kaveke, aliugonga mara ya pili tu. Kaveke alifumba macho yote mawili, akavuta, na kitako cha bunduki kikampiga shavu mpaka akaona nyota. Risasi ilienda ilikojua yenyewe. Na hapo, badala ya kulala chini kama walivyofunzwa, aliinuka akaanza kutembea kuelekea kichuguu, polepole, akiangalia nyasi huku na huku.

Sisi tulielewa mara moja anafanya nini. Kila mwanamume wa kwetu amekua na uta. Ukipiga mshale, unaufuata, unautafuta, kwa maana mshale una kazi kuutengeneza. Kaveke alikuwa anafuata mshale wake. Lakini wenzake bado walikuwa wamelenga, na mmoja alikuwa tayari ameanza kuvuta. Gikonyo alipiga firimbi karibu ameze.

"Wewe mzee unaenda wapi?"

"Kuangalia, afande."

"Kuangalia nini?"

"Penye imeingia."

Gikonyo akamrudisha mstarini. "Hii si mshale, mzee. Risasi haiokotwi. Ukishaitoa imeenda, hata ulie." Kisha akamtambaza kwa tumbo, kutoka goli hadi goli, kwenye mbigili, shati likiwa limevuliwa. Vijana wa shule walitolewa madarasani kwa mapumziko, wakajipanga wakihesabu. Nthenya alikuwa amemletea chakula. Alisimama na sufuria yake kichwani mpaka mumewe alipomaliza, akamchomoa miiba tumboni mmoja mmoja. Tangu siku hiyo Kaveke aliitwa Mshale, na alikuwa akiitika.

Nakumbuka masomo mawili zaidi, na nitayaeleza yote mawili, maana ndiyo yaliyomuua rafiki yangu.

La kwanza Gikonyo aliwafundisha wakiwa wamekaa chini, mimi nikiwa napitisha vikombe. "Ukiona mtu kwa kichaka," alisema, "unamwita. Unamwita tena. Raia mzuri anasimama, anaonyesha mikono, anasema mimi ni fulani. Mwenye anajificha na hajibu, huyo si raia."

Mbuvi, ambaye hawezi kukaa bila mzaha, akainua mkono. "Afande, na kama ni mama mkwe wangu?"

Wanaume walicheka mpaka chai ikamwagika. Gikonyo hakuelewa wanacheka nini. Kwao mtu akijificha amejificha. "Hata kama ni mama mkwe," akasema, "si ako na mdomo? Atajibu."

"Mdomo ako nayo, afande," Mbuvi akasema, na wakacheka tena, na Kaveke akacheka nao. Hakuna aliyemweleza yule mtu. Mimi pia sikumweleza. Kisha Gikonyo akaongeza kwamba hata hivyo usipige kichaka, upige mtu uliyemwona na macho yako mawili, kwani kichaka hakina kosa. Lakini maneno hayo yalikuja wakati mandazi yalikuwa yanapita, na sidhani yalimfikia yeyote.

Somo la pili lilikuwa la damu. Gikonyo aliwafundisha kwamba aliyepigwa paja anaweza kwisha kabla chai haijachemka, na kwamba dawa yake ni kusukuma, kwa mikono, kwa goti, kwa uzito wako wote, bila huruma, bila kuachilia, mpaka gari lije. Wakafanyiana mazoezi. Na hapo, niwape ukweli wake, Kaveke aliwashinda wote. Pengine ni mikono ile ya kuchonga mizinga. Alimkalia Mbuvi pajani mpaka Mbuvi akaomba maji. Gikonyo alisimama juu yao akasema, "Mshale, kwa hii umepita. Ukiwa hapo mtu hakufi." Ndiyo sifa pekee aliyowahi kupata kwenye uwanja ule, na aliizungumzia kwangu wiki nzima.

Karibu na mwisho wa mafunzo aliugonga mtungi. Wayua alikuwa kwangu, amejikunyata nyuma ya ukuta ili asimwone mkwe. Alisikia mlio, kisha kelele za wanaume.

"Amegonga?" akaniuliza.

"Amegonga."

Alikunywa chai yake yote, akafuta mdomo kwa leso. "Nthenya anasema siku hizi analala vizuri," akasema mwishowe. "Anasema hashtuki tena." Halafu akaniambia kwamba ana jogoo mmoja mwekundu, mkubwa, alikuwa anamweka kwa ajili ya Krismasi, lakini sasa atampelekea Nthenya ampikie baba ya watoto. Kwa Wayua hayo yalikuwa maneno makubwa. Mtu aliyeahidi mbuzi wa kuvunja ndoa sasa anapeleka jogoo.

Asubuhi aliyompeleka, homgadi walikuwa wameona nyayo za wageni kwenye mchanga wa mto. Walikuwa wamegawana pande, Mbuvi juu, Kaveke chini. Wayua hakujua habari za nyayo. Alishika njia ya mkato, jogoo amefungwa miguu, amemweka kwapani chini ya leso ili asipige kelele.

Aliniambia yote haya mwenyewe. Alisema alimwona Kaveke kabla Kaveke hajamwona. Alimwona anakuja na bunduki yake ameishika sawasawa, kidole nje, mwendo wa mwanamume, na alifurahi. Akafanya alivyofanya siku zote. Akaingia kichakani, akachutama, akavuta leso kichwani, akageuza mgongo, akangoja mkwe apite.

Kaveke aliona kitu kinaingia kichakani.

Aliita. "Nani huyo? Simama!"

"Nilijua ni yeye," Wayua aliniambia. "Nikafikiria anaongea na mtu mwingine. Mkwe hawezi kunipigia kelele mimi."

Aliita tena. Wayua angejibu vipi? Amwambie ni mimi, mama mkwe wako, amtaje? Hakuwahi kumtolea sauti tangu amchumbie Nthenya. Alijikunyata zaidi, ili aonekane ameheshimu zaidi. Jogoo, ambaye hana mkwe, aliona amebanwa sana. Akapiga mabawa, na kichaka kikatikisika.

Kaveke hakufumba macho safari hiyo. Alifyatua kama alivyofunzwa, na alilenga vizuri.

Kisha akafanya lile lililomtambaza kwenye mbigili. Aliinuka, akatembea polepole mpaka kichakani kuangalia ilipoingia. Akaona leso. Aliijua, kwa sababu Nthenya ndiye aliyeinunua sokoni Mutomo. Wayua alikuwa amelala ubavu, damu ikitoka juu ya paja, karibu na nyonga, kwa wingi. Jogoo alikuwa amebingirika kando, mzima, miguu bado imefungwa.

Na Wayua akamwangalia mkwe wake usoni. Akasema, "Kaveke." Akasema tena, "Kaveke, kuja. Shika hapa."

Ninyi msiokuwa wa kwetu hamuwezi kujua uzito wa neno hilo. Mwenye nthoni ni mama. Akiivunja yeye, imevunjika, mkwe hana lawama. Alikuwa amemfungulia mlango. Kaveke aliweka bunduki chini, akapiga magoti. Mikono yake, ile mikono ambayo mtu hafi ikiwepo, ilifika mpaka kwenye pindo la leso. Ili asukume ilibidi aifunue. Wayua alisema mikono ilikaa hapo juu ya kitambaa, na uso ameugeuza pembeni.

"Mama, siwezi," akasema. "Wacha niite wamama."

Akainuka, akakimbia.

Alifika kwangu hana pumzi, hana bunduki, hana kiatu kimoja. Nilielewa maneno mawili tu, mama na damu. Niliacha chai motoni nikakimbia, na mimi si wa kukimbia, magoti yangu yaliisha zamani. Yeye alinitangulia, kisha akasimama mbali na kichaka, akanipa mgongo, akanionyesha kwa mkono. Nilifunua leso, nikaweka goti, nikasukuma kama nilivyoona uwanjani. Damu ilikuwa imepungua kutoka, na nilidhani ni mimi. Haikuwa mimi. Ilikuwa inakwisha.

Mbuvi alileta pikapu ya mwenye duka. Wayua alilala kichwa mapajani mwangu, akanisimulia haya yote kwa sauti ndogo, akipumzika, akiendelea. Aliuliza jogoo yuko wapi. Nikamwambia yupo. Halafu akanishika mkono.

"Nimemwita jina, Mbithe," akasema. "Usiambie mtu. Nimeona aibu."

Hakusema amepigwa risasi na mkwe. Hakusema ameachwa. Aibu yake ilikuwa kwamba amemwita jina. Alikata roho kabla hatujaona paa za hospitali ya Mutomo.

Polisi walichukua bunduki, wakamchukua na Kaveke. Alikaa ndani kwa muda, akatolewa kwa dhamana, na kesi bado inaahirishwa. Lakini kesi yetu ya nyumbani ilikwisha haraka. Wazee walikaa, wakachinja mbuzi wa kutakasa, wakasema risasi ilikuwa ajali, kwani homgadi ameita na hakujibiwa. Na kuhusu kukimbia, wazee wakamsifu. Mkwe gani, walisema, angemfunua mama mkwe wake paja? Afadhali kifo kuliko laana. Alifanya vizuri kwenda kuita wanawake. Hata mchungaji, yeye wa salamu za mikono, alihubiri kaburini kwamba Kaveke alionyesha heshima katika saa ngumu. Gikonyo hakuja. Jogoo alipikwa siku hiyo ya mazishi, na kipaja kimoja waliwekewa wazee.

Na Nthenya alibaki. Nilimtazama nikiwa sijui nifanye nini na mikono yangu. Mama yake aliapa angemrudisha kama mumewe atakimbia tena, na sasa kijiji kizima kilikuwa kinamwambia hakukimbia, aliheshimu. Aliwaamini. Alihitaji kuwaamini, ana watoto na hana mama. Kaveke akawa anaketi na wazee barazani, wakimpa kiti. Mtu aliyekuwa Mshale akawa Kaveke tena. Alianza hata kunenepa.

Mimi nilinyamaza. Sikunyamaza kwa hiari, nilikuwa nimeombwa na maiti.

Majuzi walikuja kwangu wote wawili, asubuhi, wakitoka shambani. Nthenya akaketi kwenye benchi lile la mama yake, mtoto mgongoni. Kaveke alisimama. Niliona ana neno. Alizunguka jiko langu, akagusa hiki, akaweka kile, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya mandazi.

"Mama Mbithe, kwa ile pikapu. Mama alisema kitu?"

"Kitu kama gani?"

"Chochote. Mimi hapo kwa kichaka alikuwa amenyamaza. Hakuongea. Ndio nauliza."

Nthenya aliinua uso, akaniangalia. Macho ni ya Wayua, yale yale.

Niliona vizuri nilikuwa nimesimama wapi. Nikisema hakusema kitu, wote wawili watakunywa chai yao waende nyumbani, na Nthenya atalala vizuri, na Wayua atakuwa ameficha aibu yake. Ni neno dogo. Nimedanganya watu kwa mambo madogo zaidi, nimeuza mandazi ya jana kama ya leo. Na Kaveke alikuwa ananiangalia kwa macho ya mbuzi aliyeona kisu, akiniomba. Kama asingesema Wayua alikuwa amenyamaza, pengine ningemwonea huruma. Lakini aliniletea uongo wake jikoni kwangu ili niupashe moto.

"Alikuita jina," nikasema. "Kaveke. Mara mbili. Akasema kuja, shika hapa. Ukapiga magoti, ukashika leso, ukamwambia huwezi. Ukakimbia."

Hakukana. Angekana, labda Nthenya angepata kitu cha kushika. Alitazama njia, upande wa kushoto na upande wa kulia, kama anayechagua ni upi wa kutokea.

Nthenya alimwona akitazama njia. Aliweka kikombe chini taratibu, akafunga mtoto vizuri mgongoni, akaondoka bila kuaga. Hakushika njia ya kwao na Kaveke. Alishika ya nyumba ya mama yake, ambayo imefungwa tangu mazishi, na jioni watoto wengine walimfuata na magodoro.

Wazee wananilaumu. Wanasema nimevunja nyumba na nimevunja neno la marehemu. Yote mawili ni kweli, na chai yangu bado wanakunywa. Jana nilikuwa natoka kuteka maji kwenye mashimo ya mchanga mtoni. Kaveke alikuwa mbele yangu njiani, amebeba mzinga, na Nthenya alikuwa anakuja kutoka upande wa pili na mtungi wake. Alipomwona alitoka njiani, akaingia kichakani, akachutama, akajifunika leso na kumgeuzia mgongo. Kaveke alisimama hapo na mzinga wake. Alimwita jina, akamwita tena, na Nthenya hakujibu.